Hesabu ya Zamu ya Usiku

Miaka minne Barke alikunywa mizizi.
Mizizi ya Kaloleni, mizizi ya Lunga Lunga,
unga wa kijani wa mama mmoja wa Mwembe Tayari
uliomtapisha siku mbili mfululizo.
Kila Ijumaa Mama akipakua pilau huuliza,
"Na huyu, hajashika bado?"
Huyu, na huyu ameketi papo hapo
akimenya kitunguu.

Mimi pia niliketi. Nilikula.

Kazi yangu ni kreni, bandarini Kilindini.
Usiku kucha nahesabu makontena:
hili mchele, hili mitumba, hili Mungu ajua.
Saa nane tunashuka ngazi
tunamkuta Bwanadi na karai lake,
mafuta meusi kama yaliyotoka kwenye injini,
viazi, soseji, soda ya machungwa,
kisha muguka shavuni hadi adhana ya alfajiri.
Nikirudi Chaani nimeshiba upepo.
Barke ameniwekea kunde za nazi chini ya kawa.
Sikufunua kawa.
Kunde, nilisema, chakula cha wagonjwa.

Mwaka wa tano tukaenda kwa daktari, Ganjoni,
mwanamke mfupi, miwani imefungwa kamba.
Alimsikiliza Barke mpaka mwisho,
kisha akanigeukia.
"Na wewe?"
"Mimi mzima."
"Nani kakwambia?"

Nimeinua tani arobaini juu ya vichwa vya watu
mkono usitikisike.
Kikopo kile cha plastiki, chenye jina langu ubavuni,
kilinitetemesha.

Karatasi ikarudi na namba.
Mimi, mtu wa hesabu, sikuwahi kuhesabiwa.
Chache, alisema daktari. Na hizo chache
zaenda mshazari, hazijui ziendako.
Na Barke damu yake haba, siku zake zaruka,
kwani miaka yote hiyo kipande cha samaki kilikuwa changu,
chake kichwa na mchuzi,
na kikombe cha chai ya rangi
juu ya kila tonge.
Hilo nililijua? Nililiona.
Kuona si kujua.

Nilingoja aandike dawa. Akaandika soko:
mchicha, mnavu, maharagwe, dagaa,
mayai, korosho, machungwa yenyewe si rangi yake.
Muguka akaupiga mstari mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.
"Mbegu ya mwanamume huchukua kama miezi mitatu kuiva.
Unachokula leo utakikuta Ramadhani."
"Na mtoto?"
"Mtoto siwezi kumwandika hapa," akasema.
"Naandika mchicha."

Asubuhi ile nilishukia Kongowea na viatu vya kazi,
nikasimama mbele ya mafungu ya majani
kama mgeni asiyejua kusoma.
"Umetumwa na mkeo?" muuzaji akacheka.
"Nimejituma."
Akanitolea fungu la chini, lenye umande.

Ijumaa Mama akapakua, akafungua kinywa.
"Mama," nikasema, "ni mimi."
Kijiko kikabaki hewani.
Sikumwonyesha karatasi; wali ulikuwa unapoa.
Hakusema neno. Alichokoa sinia,
akatafuta mnofu mkubwa kuliko yote,
akauweka upande wa Barke.
Barke aliutazama muda mrefu
kabla hajaula.

Leo ni siku ya sitini na moja.
Hakuna habari. Huenda isiwepo.
Lakini tumbo langu limerudi ndani ya mkanda,
na Barke, akipanda ngazi za nyumba yetu,
hasimami tena katikati kutafuta pumzi.
Saa nane usiku nafungua bakuli langu:
kunde za nazi, zilizolala, tamu kuliko za jana.
Wenzangu wananiita Bi Harusi.
Nawaachia wacheke, nami natafuna.

Jana, walipokwisha kucheka wakapanda,
Katana alibaki nyuma akifunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa tayari.
Ana miaka sita ya ndoa. Hakuniangalia.
"Huo mnavu," akasema,
"wauzwa upande gani?"