Milimita Kumi na Tisa

Bituro alikuja karakanani kwangu Nyakato
na kipande cha boksi kilichochorwa kwa kalamu nyekundu:
urefu mita mbili na nusu, kimo sentimita tisini.
"Tangi la furu," akasema. "Kioo cha kumi na mbili kitatosha."
Nani kakwambia?
"Dirisha la benki, barabara ya Kenyatta, lina kumi na mbili."

Dirisha la benki, mzee, linazuia upepo.

Maji hayajali tangi lina urefu gani.
Liwe la hatua mbili, liwe la kutoka hapa hadi Igoma,
kinachosukuma ni kimo.
Juu maji yanagusa tu. Chini yanaegemeza bega
kama mtu aliyekuja kudai,
na hayaendi kulala.

Nikalaza kioo cha sita juu ya matofali mawili,
nikavuta uzi wa mshonaji toka ncha hadi ncha,
nikapanga mawe ya mizani, kilo baada ya kilo.
Kioo kikashuka tumbo.
"Kumbe kinapinda!"
Kinapinda. Halafu siku moja kinakataa.

Tukapiga hesabu nyuma ya risiti:
lita elfu moja mia nane, karibu tani mbili
sebuleni kwa mtu, Pasiansi,
juu ya sakafu aliyoisiliba marehemu mkewe.
Kumi na mbili, hapana.
Kumi na tano, labda, na mimi silali juu ya labda.
Kumi na tisa,
na mikanda ya kioo kuzunguka ukingo wa juu, upana wa kiganja,
na mmoja katikati, toka mbele hadi nyuma,
maana kuta mbili zinazosukumwa zitengane
lazima zishikishwe mikono.
Mama alijifunga kanga hivyo akibeba dagaa Mwaloni,
chini kidogo ya mbavu,
anakaza mpaka anakohoa.

Bei ikamnyamazisha. Wiki tatu sikumwona.
Akarudi ameuza injini ya mtumbwi.
"Utotoni Ukerewe," akasema, "furu tuliwajua kwa majina,
kama kuku wa nyumbani. Kisha sangara akawala.
Waliobaki wangu wanaenea ndoo nne."

Siku kumi silikoni ikanuka siki nyumba nzima.
Siku ya kujaza nikavuta uzi tena.
Maji nusu: hakuna kitu.
Robo tatu: unene wa karatasi.
Karibu na ukingo: unene wa sarafu ya mia, basi, pakatulia.

Akaniuliza ziwa lenyewe limefungwa mkanda gani.
Sikumjibu. Nilikuwa natazama kona ya kushoto, chini,
pale nilipobonyeza silikoni kwa kidole gumba:
kiputo kimoja, kidogo kama jicho la furu.

Kipo mpaka leo. Hakijakua.
Kila Jumapili napiga hodi Pasiansi kukitazama,
naye hunivutia kigoda,
akidhani nimefuata samaki.