Nukta Nyeupe

Mzinga wa tatu, chini ya mgomba wa mwisho,
pale mfongo unapokata kona kwenda kwa kina Temba.
Nimeufungua saa tatu, ukungu wa Uru haujapanda.
Nimefukiza maganda makavu ya kahawa, nikasubiri,
nikamwona:
nukta nyeupe mgongoni, rangi ya kucha
niliyompaka mwenyewe mwaka ule mafuriko yalipobeba daraja.
Miaka minne. Bado anatembea kama mwenye nyumba.

Wanaomzunguka, umri wao ni wiki sita.
Tangu nimpake rangi wamepukutika
vizazi thelathini na ushei,
mabawa yamechanika
kama jani la mgomba lililochezewa na upepo.

Tengeru nilifundishwa: yai ni lile lile.
Vinasaba ni vile vile, herufi kwa herufi,
ila huyu alilishwa ute mweupe mpaka mwisho,
wale siku tatu tu, kisha chavua na asali, basi.
Kitabu kimoja.
Huyu kafunguliwa sura ya kuishi,
kwa wale kurasa hizo zimebandikwa gundi.

Nilimweleza mama jikoni, akimenya mshare.
Alicheka mpaka kisu kikamponyoka.
"Anataga elfu kwa siku, na hazeeki?
Mimi nimezaa tisa tu. Meno yangu yako wapi?"
Sikuwa na jibu.
Hata wenye maabara bado wanabishana.

Leo Anande amekuja kunibebea fremu.
Havai wavu; anasema wanamjua.
Ni mdogo wangu kwa miaka miwili.
Juzi soko la Mbuyuni muuza dagaa alimwamkia yeye,
shikamoo mama,
akauliza kama mimi ni kitinda mimba wake.
Tulicheka wote watatu. Dagaa tulipunguziwa.

Mwaka ule wa ada, kahawa haikuwa na bei.
Asali ilimtosha mtoto mmoja.
Baba alituweka mbele ya mlango, akatazama viganja vyetu,
vyangu, vyake, tena vyangu.
Sijui alikuwa anatafuta nini.
Hakuna alichoweza kukiona pale.

Nikamwambia, huku nikikwangua nta:
"Kuna jambo. Ukiwatoa walezi mzingani,
vikongwe wa kuruka wakarudi ndani kulea mabuu,
baadhi yao akili huwarudia.
Hujifunza harufu upya, kama vijana."

Anande alimpuliza nyuki kidoleni, taratibu,
kama mtu anayepoza uji wa mtoto.
"Baadhi," akasema. "Wangapi?"

Niliwahi kuijua ile namba.
Niliiandika kwenye mtihani, nikapewa alama zote.

Nikafunika mzinga, nikaweka jiwe juu.
Yeye alishaanza kushuka
na ndoo mbili,
yangu na yake.