Kushuka Bure

Lifti ya jengo letu hapa Kutaisi hula sarafu.
Kupanda, tetri kumi. Kushuka, bure.
Kisanduku kilifungwa miaka ya dhiki,
na hakuna aliyekumbuka kukifungua.
Nakaa orofa ya nane, goti la kushoto bovu;
siku hizi naujua uvutano wa dunia
kuliko nilipokuwa naufundisha.

Jumanne usiku akaja Zaza, mjukuu wa dada yangu,
miaka kumi na tisa, theluji kwenye viatu,
macho ya mtu aliyekesha na vitabu
na vitabu visimwonee huruma.
Hakuvua koti.
"Bibi Lamara, wewe ulisomesha fizikia.
Niambie kweli. Kuna maana yoyote humo ndani?"

Humo ndani! Kana kwamba ulimwengu ni mtungi
nami nimewahi kuingiza mkono hadi begani.

Nikamwambia kweli: sikuiona.
Nimeangusha gololi ya chuma mbele ya watoto miaka thelathini na moja,
haikuanguka hata mara moja kwa ajili ya mtu.
Jua litachoka. Baridi itatandaa.
Hata swali lako litakosa wa kuliuliza.

Akanyamaza.
Nikajua nimesema kweli vibaya.
Chai ikawa inapoa, nayo kwa sheria zilezile.

Nikafungua droo.
Noti za rubo, kitita, zimefungwa kwa uzi wa soksi,
pesa za nchi ambayo haipo.
Marehemu Jumber alizidunduliza miaka kumi na minne.
Zilikuwa gari.
Kisha zikawa baiskeli, kisha mkate,
kisha karatasi, na hata karatasi yake
haikushika moto sawasawa.
"Najua maana inavyokufa, mwanangu.
Nilikuwa kwenye foleni."

"Basi ya nini?" akasema. "Kuamka, ya nini?"

Kwa hilo sikuwa na jibu. Nilikuwa na kikombe tu.

Kile cha bati, chini, kilichofungwa kwa waya
kando ya mlango wa lifti.
Mna sarafu humo, za anayerudi bila chenji.
Nani hutia, hatuulizani.
Mimi hutia Ijumaa, nikikumbuka.
Jamaa wa orofa ya tatu huchota mbili mbili,
tunamjua, tunamwachia.
Chukua sarafu ile, ipasue, iyeyushe,
hutakuta orofa ya nane ndani yake.
Hata hivyo Eteri, na pumu yake, na viazi vyake,
hufika kwake.

"Hiyo si maana," Zaza akasema. "Ni mazoea."

Huenda. Alikuwa sahihi kiasi cha kuniudhi.
Nikamwambia: Ushangi huwasha tanuri saa kumi na moja.
Kaniletee mikate miwili, ile mirefu, ingali moto.
"Ni usiku bado."
"Basi kaa hadi kuche."

Akakaa. Akavua koti.
Tulicheza karata, akanifunga mara nne
bila kujali umri wangu.
Swali nalo likakaa, mgeni wa tatu,
halikutaka chai, halikuaga.

Alfajiri akatoka.
Nilisimama gizani nikiisikiliza lifti
ikishuka, bure, orofa kwa orofa,
nikawaza kila kitu ambacho bibi huwaza.
Ikafika. Ikanyamaza.
Nilihesabu hadi mia, nikarudia,
nikakosea namba, mimi, mwalimu.
Dirishani theluji ilikuwa ikianguka
si kwa ajili ya mtu.

Halafu, kutoka chini kabisa, injini ikakohoa.
Orofa ya pili. Ya tatu.
Ya tano.

Nilikuwa nimesahau kumpa sarafu.