Nangila wa Siku Tatu

Machi, Kisumu: hisabati mia saba na kumi,
kusoma mia tano na arobaini,
maana alilala kwa shangazi Kondele
na matanga ya jirani yalinguruma spika hadi alfajiri.
Agosti kusoma kukapanda, mia sita hamsini,
hisabati ikateleza, mia sita thelathini.
Oktoba, si haba, si sherehe:
mia sita tisini, mia sita ishirini.
Nauli ya Webuye mara tatu, kwenda na kurudi,
mama aliiandika kwa kaa la moto lililozimika,
ukutani, jikoni,
na hajaifuta.

Kisha barua ya chuo, huko kwenye theluji:
tutachukua alama yako ya juu katika kila sehemu.
Nangila akasoma mara mbili, akanipa simu.
Nikajumlisha kwa kidole kwenye vumbi la meza,
hisabati ya Machi, kusoma kwa Agosti:
elfu moja mia tatu na sitini.
Hakuna siku aliyoipata hiyo.
Msichana huyo wa elfu moja mia tatu na sitini
hajawahi kuketi kwenye kiti chochote,
hajawahi kutafuna kucha akiitazama saa,
ila ndiye waliyemwandikia,
Mpendwa Nangila.

Mimi kazi yangu ni mizani, langoni mwa kiwanda cha sukari.
Trekta hupanda na miwa, naandika.
Hurudi tupu, naandika.
Natoa. Kinachobaki ndicho cha mkulima.
Hakuna anayeniambia, Khaemba,
chukua uzito wa jana, miwa ilipokuwa imelowa.
(Wapo. Huja na soda.)

Nami nina karatasi zangu mbili katika bahasha ya kaki.
Kidato cha nne, mara ya kwanza: Kemia B, Hisabati D.
Nikarudia, Chwele, kichwa kipara,
dawati moja na watoto walioniita mjomba:
Hisabati B, Kemia D,
kwa kuwa wiki ya kemia ndiyo tuliyomzika baba.
Nilizipeleka zote kwa karani wa udahili,
nimezibana kwa klipu moja.
Akaichomoa klipu, akaiweka kwenye kikombe chake cha klipu,
akaniuliza, "Sasa wewe ni yupi?"

Miaka sita. Klipu pia hakunirudishia.

Wiki hiyo ya kemia, baba mdogo alisoma wasifu.
Alichukua upole wa mwaka baba alioacha pombe,
ukarimu wa mwezi kiwanda cha karatasi kilipolipa malimbikizo,
kicheko cha zamani, kabla sijazaliwa.
Akajumlisha.
Watu wakasema amina, na mimi nikasema,
na nikampenda sana yule marehemu
ambaye hatukuwahi kula naye meza moja.
Mama aliinamisha kichwa.
Yeye alikuwa na matokeo yote,
hata yale ya usiku.

Chuo cha pili kimeandika kwamba kinataka kila kitu,
kila siku uliyoketi, ya fahari na ya aibu.
Nangila anakiogopa, amekisukuma chini ya orodha.
Sikumwambia kitu. Lakini usiku, zamu ikiwa kimya,
mizani ikisoma sifuri na mbu juu yake,
nawaza kuhusu mtu aliye mbali sana
anayeiona ile mia tano na arobaini,
asiyejua Kondele wala matanga ya nani,
akifungua ukurasa unaofuata.

Fomu tumezijaza, zote mbili.
Sasa ni nauli ya Nairobi, ubalozini.
Mama ameshika kaa, anaitafutia nafasi ukutani
chini ya zile tatu.
"Jumlisha basi, mama, tujue," nikamwambia.
Akakataa. Akapuliza vidole.
"Nauli ya siku mbaya," akasema,
"ilikuwa ileile ya siku nzuri."