Mwanasesere wa Darasa la Ubatizo

Jumatano mchana ukungu hupanda mlima wa Aizawl
ukaingia darasani bila kupiga hodi,
ukaketi nyuma pamoja na wavivu.
Beseni la buluu. Jagi. Taulo ya mtu fulani.
Na mwanasesere wetu wa mpira, kipara,
jicho la kushoto halifumbi hata ukimlaza.
Amebatizwa mara mia tatu, nadhani,
kila muhula majina mapya,
na bado hajakua, hajatenda dhambi, hajalia.

"Kichwa kwanza," husema Mwalimu Biakliana,
"kichwa kwanza, theolojia baadaye."
Mimi nilimshika kama kamusi ya Kigiriki.
Nilipofika "na la Mwana" akaniponyoka,
akaangukia beseni, chubwi!
na wachungaji thelathini wa kesho wakavunjika mbavu.

Vanlalhriati hakucheka.
Kalea wadogo zake wanne mgongoni
huku akipalilia tangawizi kwenye mteremko.
Alinigeuza kiwiko kama fundi anayenyoosha bawaba:
"Hapa. Siyo kiganja. Kiganja kina woga."
Yeye ndiye anayetusahihishia vitenzi vya Paulo,
wa kwanza kwenye kila karatasi ya matokeo,
na fomu yake haina mstari wa kuwekewa mikono.
Wanawake huhitimu. Basi.
Sikuwahi kuuliza kwa nini.
Fomu yangu ilikuwa na mstari.

Desemba tukapelekwa mazoezini,
zahanati ya mpakani, mimi na yeye na wengine wawili.
Jumanne mlima ukaporomoka, ukala barabara,
mchungaji akabaki ng'ambo ya tope.
Usiku wa pili mama mmoja akajifungua,
mimba ya miezi sita.
Muuguzi alitazama saa, hakumtazama mtoto.
Mama akasema, "Maji."
Nikadhani ana kiu.

Nikatoa kitabu cha taratibu. Kweli, nilikitoa.
Nani anaruhusiwa, mbele ya mashahidi wangapi,
vidole vikifukua kurasa
kama kuku kwenye majivu.
Maji huyavulii nguo na kitabu mkononi.
Hriati alikunja tu mikono ya sweta,
akanawa hadi kwenye viwiko,
akamimina maji ya uvuguvugu
kwenye kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi,
maana beseni lingekuwa bahari.

Mtoto alikuwa mwepesi kuliko mwanasesere.
Hilo hawakutufundisha.
Macho yote mawili yalifumba.
Jina: Malsawmi. Matone matatu.
Sauti ya Hriati haikuwa ya mimbarini,
ilikuwa ile ya kumwonyesha mtu mlango gizani.
Mama akaitikia amina kabla yetu.
Saa kumi alfajiri muuguzi akazima taa ya joto.
Kulipokucha vijana wa kijiji walikuwa wameshachimba,
wakaja kukaa na mama, wakiimba chini chini,
viatu vyao vya matope vimepangwa barazani.

Ripoti niliiandika mimi, kurasa mbili.
Penye "aliyebatiza" nikaandika jina lake lote,
nikalifuta, nikaliandika tena.
Karatasi ikatoboka kidogo.

Mwalimu Biakliana aliisoma mbele yangu.
Akavua miwani, akaivaa.
Nje nguruwe wa jirani alikuwa akipigia kelele chakula chake.
Nikangoja kalamu nyekundu ishukie ule mstari.
Ikashuka mahali pengine:
nilikuwa nimeruka herufi moja katika jina la mtoto.
Akaitia, polepole, kwa mwandiko wake mzuri,
kana kwamba binti huyo ataitwa kwa jina hilo miaka mingi,
akatia sahihi.

Mwakani nitavikwa kola.
Hriati ameshapata barua yake: watoto wa Jumapili,
chumba kilicho nyuma ya jiko la kanisa.

Jana ilikuwa zamu yangu tena penye beseni.
Nikamlaza yule kipara kwenye kiwiko,
jicho lake la kushoto likanikodolea.
"Vizuri," akasema Mwalimu. "Nani kakufundisha?"
Ukungu ulikuwa umejaa hata sikuona aliketi wapi.
Nikalitaja jina lake kwa sauti kubwa.