Deni la Penseli

Mwalimu Rweyongeza alichora pembetatu ubaoni:
muda, gharama, upeo.
"Vuta mmoja," akasema, "wawili watalia."
Tukanakili. Nje, mvua ya Malimbe
ilipiga mabati kama karanga zikimwagwa sinia.

Tulikuwa watano, kompyuta mbili,
moja haishiki chaji hata robo saa.
Walinipa uongozi kwa sababu nina mwandiko mzuri
na kwa sababu Shija alikataa.
Nikachora chati: milia ya rangi, wiki kumi na mbili,
kila mlia na jina la mtu ubavuni.
Nikaibandika ukutani hosteli, juu ya mto,
nikalala chini yake kama chini ya chandarua.

Mteja wetu: Mama Kabula wa Mwaloni, Kirumba.
Magunia ya dagaa, mizani iliyoinama kidogo,
wadaiwa arobaini ndani ya kauntabuku lenye shombo.
Tuliahidi kulihamishia simuni.
Tuliahidi zaidi: kila Jumatatu, saa mbili asubuhi,
ujumbe kwa kila mdaiwa.

Kwenye orodha ya hatari niliandika:
umeme kukatika. Bando kuisha. Mteja kubadili nia.
Sikuandika Bhoke kufiwa.
Alifiwa, wiki ya nne, akaenda Tarime,
akarudi hasemi,
na mlia wake wa kijani ukabaki mweupe
hadi nilipoujaza mimi, usiku, bila kumwambia.

Wiki ya sita tukapeleka jaribio la kwanza.
Mama Kabula alifuta kidole kwenye kanga, akabonyeza,
akasoma kwa sauti: "Jumatatu."
Akatutazama kama watu waliolipelekea ziwa ndoo ya maji.
"Jumatatu ya nani? Mimi nina giza na mbalamwezi.
Giza likiingia, taa zinashuka majini, hela inatembea.
Mwezi umejaa, mitumbwi imelala,
unamdai mtu nini? Mwanga?"

Limbu, fundi wetu wa programu, alicheka
hadi akakalia gunia la watu.
Kisha akakesha siku tatu
akiifundisha mashine kuhesabu mwezi.
Mimi nikang'oa chati, nikachora nyingine,
milia yote imesogea kulia, kama watu
wanaompisha mgeni kwenye benchi.

Tuliporudi alikuwa amesimama.
"Na haya ya penseli?"
Tumeingiza yote, mama. Ya wino na ya penseli.
Hakufoka. Ningependa angefoka.
Akafunua kauntabuku, akapitisha kidole,
herufi zikafifia kidogo.
"Ya wino nadai.
Huyu mumewe alibaki majini, upande wa Kome.
Huyu yuko Bugando na mtoto, mwezi wa tatu sasa.
Ya penseli naandika nijue nilitoa wapi.
Nani kawaambia nataka kurudishiwa?"

Jaribio letu lilikuwa limekwishatuma.
Ujumbe kumi na saba.
*Ndugu mteja, deni lako limepita muda.*

Mchana ule hakuna aliyegusa kompyuta.
Tulimfuata kibanda kwa kibanda, yeye mbele,
sisi watano nyuma na begi zetu mgongoni,
tukiomba radhi kwa niaba ya mashine.
Nyanzobe alikuwa ameshafungua fundo la khanga:
elfu mbili na mia tano, sarafu tupu.
Alikataa kuzifunga tena.
Mama Kabula alikataa kuzipokea.
Zilibaki juu ya meza katikati yao
na nzi mmoja akizikagua.

Siku ya kutetea mradi, Mwalimu aliuliza:
"Kipengele hiki, Penseli, saa ishirini na sita.
Kilikuwa ndani ya upeo?"
Nikasema hapana.
Akakata alama nne, kwa haki kabisa,
wala Shija, mbishi wetu, hakufungua mdomo.

Usiku, kabla ya kupeleka nakala za mwisho,
nilifungua ukurasa wa hatari
nikaongeza mstari mmoja, kwa penseli.
Mashine ya fotokopi haikuuona.