Godauni

Karani aliligongagonga neno kwa ncha ya kalamu
kama mnunuzi wa nazi asiyemwamini muuzaji.
"Mkalimani. Hili kwa Kiswahili?"

Kesi ni ya magunia sitini ya kahawa.
Yalitakiwa Shimanzi, godauni namba tisa.
Yalikutwa Mbaraki, chini kabisa, ukingoni mwa maji,
yamelowa, yamevimba kama miguu ya mgonjwa wa figo.
Na aliyeyapeleka ni huyu, Chengo wa Mwaringa,
wiki ya pili kazini, shati la kuazima,
kola imempita shingo.

"Niliambiwa go dauni," asema.
"Shuleni tulifunzwa: go, nenda. Dauni, chini.
Nikaenda chini. Nilipofika penye maji nikasimama,
kwa kuwa hakuna chini zaidi ya hapo."

Watu wakacheka. Hakimu akajipangusa mdomo kwa leso
muda mrefu kuliko haja ya mdomo.

Mimi nilikuwa nimeshatumbukia ndani ya neno.

Kamusi yangu, ile iliyofungwa kwa uzi wa viatu,
yasema Mwingereza hakuliunda, alilisikia vibaya.
Wamalei walikuwa na gudang yao ya kuwekea mali;
na nyuma ya Wamalei, pengine, ziko pwani za Watelugu na Watamili,
na hapo wenye kamusi huanza kugombana
kwa herufi ndogo chini ya ukurasa.
Mreno alilipitisha mdomoni. Mwingereza akalipokea,
akasikia go, akasikia dauni,
akaridhika, kama mtu aliyeiona sura yake
kwenye kisima cha jirani.

Basi Chengo kakosea vilevile alivyokosea Mwingereza,
ila Mwingereza hakushitakiwa.

Bi Shirin Lokhandwala, mwenye kahawa,
akainua mkono bila kuruhusiwa:
"Hilo neno letu, bwana. Godaam. Babu yangu
alilisema hivyo, hapa hapa Mombasa, na funguo kiunoni."
Wakili wake akamvuta mtandio. Akaketi. Hakunyamaza.

Chengo akaulizwa: hukujua kwamba mali hutunzwa ndani?

"Kwetu Ganze mali hutunzwa juu.
Mahindi hupandishwa lutsagani, juu ya moto,
moshi uyakaushe, fukusi wasiyaguse.
Nilistaajabu na mimi, mheshimiwa. Kahawa ya watu, chini?
Lakini mgeni hamfunzi mwenyeji kuweka akiba."

Safari hii hakucheka mtu.

Nami neno hili nililijua kabla sijajua kusoma.
"Mama yuko godauni" maana yake ilikuwa: hayupo.
Ilikuwa uji uliofunikwa sahani, ufunguo chini ya jiwe,
jirani akinichungulia dirishani kama nimezima jiko.
Alichambua kahawa kutwa, mbovu huku, nzima huku,
akarudi na vumbi la maganda kwenye nyusi,
kidole gumba kimeota sugu mviringo kama kifungo.
Na Majengo palikuwa na mwanamume mwenye tumbo
aliyeitwa hivyo hivyo, Godauni,
na aliitika, na watoto wake waliitwa kwalo.
Sasa hili nilitafsiri vipi, na kwa wino gani?

"Mkalimani!"

"Ghala," nikasema.

Karani akaandika herufi zake tano, akafunika kalamu.
Sikumwambia kwamba ghala nalo lilishuka pwani
na mizigo ya Waarabu, likasahau kurudi.

Kesi ikaahirishwa. Itatajwa tarehe kumi na nne.

Kwenye ujia Chengo akanifuata,
kifungo cha juu amekifungua, anapumua.
"Itatajwa," akasema. "Kutajwa tu? Bila kuulizwa kitu?"

Nikafungua mdomo.
Ngazi za mahakama zilikuwa mbele yetu,
zote zikishuka.